"Nafasi ya Kazi" Mbele ya Swichi

Vitu vya umeme vimekwisha kupata majina: waya, fyuzi, swichi, mita. Ule uwazi ambamo fundi husimama akivishughulikia haujapata jina la kuridhisha. Mfasiri anayefuata Kiingereza neno kwa neno huandika "nafasi ya kazi", na tafsiri hiyo ina madhara.

Kwa msomaji wa kawaida, nafasi ya kazi ni ajira inayotangazwa. Lakini kasoro kubwa ni nyingine: nafasi katika Kiswahili ni kitu kinachongoja kujazwa. Kondakta asemapo ipo nafasi, anaita abiria. Hapa Uyole, zinapoachana barabara ya Dar es Salaam na ile iendayo Tukuyu na Kyela, mwenye mashine ya kusaga na kukoboa akiambiwa aache nafasi mbele ya meni swichi, wakati wa mavuno ataiona kuwa stoo. Magunia yakifika ukutani, anayetaka kukata umeme kwa haraka hana pa kukanyaga, wala pa kurudi nyuma cheche zikiruka.

Kanuni za Marekani, ambazo si sheria kwetu lakini zimefafanua jambo hili kwa kina, hudai futi 3 (sentimita 91 hivi) mbele ya chombo kinachoweza kushughulikiwa kikiwa na umeme, upana usiopungua inchi 30, na kimo cha futi 6 na nusu. Kwa volti 230 kama zetu, mkabala ukiwa ukuta wa zege au matofali, umbali huwa futi 3 na nusu. Vyombo vyenye umeme ulio wazi vikitazamana, futi 4. Kanuni hizo hukataza kabisa kuweka mali mahali hapo.

Nimesema "umbali" kwa makusudi. Kiingereza hutumia neno moja kwa kwenda chini na kwa kwenda mbele. Anayeandika "kina cha futi 3" atamfanya fundi aulize achimbe wapi. Vivyo hivyo neno lao la kufikia chombo hubeba pia maana ya ruhusa. "Ruhusa ya kufikia swichi" humtuma fundi ofisini kutafuta barua, ilhali kinachodaiwa ni mlango na njia ya kupita.

Napendekeza "mahali pa fundi". Kiambishi pa- hutaja mahali mahususi, panapojulikana, tena pamekwisha kupata mwenyewe. Watakuwapo watakaosema kwamba neno hili halina sura ya kitaalamu. Hao wakumbuke "kituo cha kupoza umeme": hakuna kinachopozwa kwa maana ya joto, bali volti hupunguzwa, na hata hivyo wananchi na TANESCO wenyewe hulitumia bila taabu. Katika mikataba iandikwe "umbali wa mbele" na "njia ya kufikia"; kwenye kibao cha ukutani yatosha: "Mahali pa fundi. Usiweke kitu."