Fitina: Neno Moja, Maana Nyingi

Mara nyingi khatibu anapowakemea wambea husoma Aya ya 191 ya Suratul Baqara, inayoeleza kuwa fitina ni kali zaidi kuliko kuua. Nia yake ni njema, lakini dalili haiko mahali pake.

Asili ya neno hili ni Kiarabu. Ibn Mandhur (aliyefariki mwaka 711 H) anaeleza katika Lisan al-Arab kuwa Waarabu walilitumia kwa kuyeyusha dhahabu motoni ili iliyo safi ijitenge na mbovu. Hapo ndipo ilipotoka maana ya mtihani. Ndiyo maana Qur'an inaziita mali na watoto kuwa ni fitina (64:15). Wala haina maana kuwa watoto wetu ni wambea! Wanahistoria nao huita Fitina yale yaliyofuatia kuuawa kwa Sayyidna Uthman (R.A.) mwaka 35 H, yakiwemo mapigano ya Jamal na Siffin.

Lilipoingia katika lugha nyingine, neno lilibadilika. Kwa Waturuki, *fitne* ni uchochezi. Kwa Wamalay na Waindonesia, *fitnah* ni kumzulia mtu uongo. Kwetu Waswahili ni maneno ya kugombanisha watu. Hilo si kosa, kwani kila lugha hulivisha neno la kukopa nguo yake. Kosa ni kuichukua maana yetu na kuitia ndani ya Qur'an.

Aya hiyo inawazungumzia washirikina wa Makka, waliowatesa Waislamu ili waiache dini yao, kisha wakawatoa majumbani mwao. Imam Tabari anafafanua kuwa muumini kuteswa mpaka arudi katika shirki ni kukali zaidi kwake kuliko kuuawa hali ameshikamana na dini yake. Aya ya 217, iliyoteremka baada ya tukio la Nakhla mwaka wa 2 H, inatilia nguvu maana hiyo hiyo.

Je, kuna madhara gani? Kwanza, mmbea anahukumiwa kuwa ni mbaya kuliko muuaji, hukumu ambayo fiqhi haiijui. Kuua kwa makusudi kuna kisasi, umbea hauna. Pili, na hili ni zito zaidi, muumini anayeuliza hesabu za waqfu huitwa mfitini, akasomewa Aya hii mpaka akanyamaza. Aya iliyoteremka kuwatetea walioonewa inageuzwa kuwa fimbo ya kuwapigia wanaodai haki!

Maimamu wetu hawana upungufu wa dalili. Usengenyaji umekatazwa katika 49:12, na anayebeba maneno ya kuchonganisha ametajwa katika 68:11. Bukhari na Muslim wamepokea onyo la Mtume (S.A.W.) kuwa mtu huyo hataingia Peponi. Onyo hilo linatosha. Tuisome kila Aya kwa lugha iliyoteremkia.

Wallahu a'alam.