Nani Aamke Kwanza

Maji ya bomba ya mji wa Kisarawe huanzia kwenye mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, wilayani Kibaha. Hupita Kibamba, yakapandishwa vilima hadi kwenye tenki la lita milioni 6, mradi uliozinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 28 Juni 2020. Mtambo una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, lakini wingi huo haumfai kitu mtu atakayewasha pampu ya mbele kabla maji hayajamfikia. Pampu itazunguka kavu na kuungua. Fundi hutazama kwanza kina cha maji, hufunga vali ya kutolea, huwasha, ndipo huifungua vali taratibu.

Waandishi wa programu za kompyuta wana mtihani wa namna hiyo kila mfumo unapowashwa, na wanaoufaulu nawavulia kofia.

Chukua programu ya kupokea wagonjwa kwenye zahanati. Ndani yake kuna vitu ambavyo havitakiwi kuwa viwili: Daftari la kuandika matukio, Mipangilio, muunganisho wa kanzidata. Kitu cha aina hii huitwa singletoni, na kilipata umaarufu kupitia kitabu Design Patterns cha mwaka 1994, kazi ya Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides. Wengi siku hizi wanailaani singletoni. Mimi naona lawama nyingi zinastahili kwenda kwa namna inavyoamshwa.

Katika lugha ya C++, vitu vya namna hii vilivyo ndani ya faili moja huundwa kwa kufuata mistari, cha juu kwanza. Vikiwa kwenye mafaili tofauti, lugha haiahidi lolote. Mipangilio ikijaribu kuandika kwenye Daftari ambalo bado halijaundwa, programu inaweza kufa kabla hata ya kuingia kwenye funksheni yake kuu. Mpangilio unaopatikana mara nyingi hutegemea jinsi linka, yaani programu inayoyaunganisha mafaili, ilivyoyapokea. Kwa hiyo programu inaweza kujengwa Kibaha ikafanya kazi mwaka mzima, ikajengwa upya Kisarawe kwenye kompyuta nyingine ikaanguka, wala hakuna herufi iliyoguswa. Na Daftari ambalo lingesema kosa liko wapi ndilo lenyewe halijazaliwa!

Jerry Schwarz alikutana na tatizo hili alipokuwa akitengeneza maktaba ya C++ ya kusoma na kuandika. Alichofanya ni kizuri mno: kila faili linaloitumia maktaba hubeba kitu kidogo chenye kazi ya kuongeza hesabu kinapoundwa na kuipunguza kinapobomolewa. Wa kwanza kufika huwasha, wa mwisho kuondoka huzima. Haijalishi nani katangulia.

Njia inayopendwa zaidi leo ni ile iliyoenezwa na mwandishi Scott Meyers. Daftari huwekwa ndani ya funksheni, daftari(), likaundwa mara ya kwanza linapoitwa. Anayelihitaji ndiye anayeliamsha. Tangu toleo la mwaka 2011, lugha inahakikisha kwamba hata nyuzi nyingi za programu, zinazofanya kazi sambamba, zikiliita kwa pamoja, litaundwa mara moja tu.

Ila kuna fundo ambalo njia hiyo hailifungui. Daftari linataka Mipangilio ilieleze liandike kwenye faili gani. Mipangilio nayo inataka Daftari la kuandikia makosa yake. Kila mmoja anamngoja mwenziwe. Hapa hakuna ujanja wa lugha utakaokuokoa, ni lazima mtu akae na kuamua. Fundi mzuri huliacha Daftari lianze kwa kuandika kwenye skrini bila kumwuliza yeyote, Mipangilio ikishakamilika ndiyo inayolikabidhi jina la faili.

Kuzima nako kuna taratibu zake. Vitu hivi hubomolewa kinyume cha jinsi vilivyokamilika, hivyo Daftari lililokamilika kabla ya Mipangilio litabaki hai hadi Mipangilio iage. Ndiyo maana kwenye kazi ya watu makini utaikuta Mipangilio ikiita daftari() mwanzoni kabisa mwa kuundwa kwake, hata kama haina la kuandika, na pembeni maelezo mafupi ya kumkataza atakayekuja baadaye asiufute mstari huo.