Msimu wa kwanza Hattrick: mechi hupotelea katikati ya uwanja

Hattrick ni ligi ya soka ya mtandaoni ambamo hakuna anayegusa mpira. Meneja husajili, hupanga kikosi, huchagua aina ya mazoezi na kusimamia fedha za klabu. Mechi yenyewe huchezwa na programu, na yeye hubaki kusoma taarifa yake dakika kwa dakika. Ilianzia Sweden mwaka 1997, na leo nchi nyingi zina ligi zake ndani ya mchezo huo, Kenya na Tanzania zikiwamo. Kila kundi la ligi lina timu 8, zinazokutana nyumbani na ugenini kwa raundi 14, na msimu mzima huchukua wiki 16. Meneja mgeni hukabidhiwa timu ya daraja la chini yenye wachezaji wa kawaida, uwanja mdogo na fedha za kuanzia. Msimu wake wa kwanza mara nyingi huwa mgumu, na makosa yanayouharibu hujirudia kwa mpangilio ule ule kutoka meneja mmoja hadi mwingine.

Mzizi wa matatizo hayo ni namna programu inavyoijenga mechi. Kabla ya kuamua lolote, huwageuza wachezaji kumi na mmoja kuwa viwango saba: ulinzi wa kulia, wa kati na wa kushoto, shambulizi la kulia, la kati na la kushoto, na kiwango kimoja tu cha safu ya kiungo. Viwango sita vya mwanzo hupambana kila kimoja na mwenzake wa upande wa pili. Shambulizi la kushoto la timu moja hukutana na ulinzi wa kulia wa nyingine, na programu hupiga hesabu ya uwezekano wa bao. Kiwango cha kiungo kina kazi tofauti kabisa. Hakifungi wala hakizuii bao. Kinaamua nani apewe nafasi ya kushambulia.

Hapo ndipo pa kutazamwa kwa makini, kwa sababu msimu mzima hutegemea hapo. Mechi huwa na nafasi za kawaida zisizozidi 15. Tano hugombewa na timu zote mbili, tano zimetengewa timu ya kwanza peke yake, na tano timu ya pili. Iliyotengewa haina uhakika wa kuipata, kwani ikishindwa kwenye kiungo nafasi hiyo hupotea na haendi nayo mtu. Umiliki wa mpira nao haugeuki kuwa nafasi kwa uwiano ulio sawa. Kwa makadirio ya mameneja wakongwe waliochambua matokeo ya mechi nyingi, timu yenye umiliki wa asilimia 60 hushinda takriban robo tatu ya vinyang'anyiro hivyo. Ukipiga hesabu, timu hiyo hupata wastani wa nafasi saba au nane, na mpinzani wake mwenye asilimia 40 hubaki na mbili au tatu. Asilimia 60 kwa 40 ni tofauti ambayo mtazamaji wa soka la kawaida hujionea kila wiki bila kushangaa. Ndani ya Hattrick ni karibu mara tatu ya nafasi.

Meneja mgeni haoni jambo hili, na si kwa uzembe. Taarifa ya mechi humsimulia nafasi zilizotokea. Zile zilizopotea kabla hazijazaliwa hazina mstari hata mmoja. Anasoma kwamba mshambuliaji wake alibaki na kipa dakika ya 34 akapiga nje, na kwamba dakika ya 71 shuti lake lilipanguliwa. Timu imefungwa 3–0. Macho yake yanaangukia majina mawili ya washambuliaji waliokosa, na uamuzi wa kwanza wa msimu unafanyika papo hapo: anatafutwa mshambuliaji. Anayestahili kulaumiwa ni yule kiungo ambaye jina lake halikutajwa mahali popote katika taarifa nzima.

Usajili huo una gharama ya pande mbili. Fedha za kuanzia zinamalizika kwenye mnada, kisha mshahara wa mchezaji mwenye ujuzi mkubwa unaanza kukatwa kila wiki. Akiwa ametoka nje ya nchi ya klabu, mshahara wake huongezewa asilimia 20, jambo linaloziuma zaidi klabu za nchi zenye mameneja wachache, ambako soko la wachezaji wa ndani ni dogo na karibu kila usajili mzuri hutoka nje. Uwanjani nako faida haionekani. Shambulizi la kati likipanda, lakini nafasi zikibaki mbili au tatu kwa mechi na kugawanywa kati ya katikati, pembeni na mipira iliyokufa, inawezekana kabisa mshambuliaji huyo ghali akamaliza dakika 90 bila nafasi hata moja ya upande wake. Meneja akimwongeza wa tatu, hali inazidi kuwa mbaya: programu hupunguza mchango wa kila mchezaji pale wachezaji wa nafasi moja ya kati wanaporundikana, na huyo wa tatu kwa kawaida amechukua nafasi ya kiungo.

Kiwango cha kiungo chenyewe hujengwa hasa na ujuzi wa kuchezesha wa viungo wa kati. Mawinga na mabeki wa kati huchangia kidogo. Juu ya ujuzi huo hupita mambo mengine ambayo mgeni huyaona kama mapambo ya ukurasa. Kuna fomu ya mchezaji. Kuna uzoefu. Kuna pumzi, ambayo huamua mchango wa mchezaji unashuka kwa kasi gani mechi inavyosonga; timu isiyofanya mazoezi ya pumzi huonekana sawa na mpinzani hadi mapumziko kisha ikaachwa kipindi cha pili. Kuna faida ya kucheza nyumbani, ambayo huongezwa moja kwa moja kwenye kiungo. Na kuna ari ya timu, ambayo nguvu yake huonekana hapo hapo kwenye kiungo.

Ari inastahili kukaziwa, maana ndiyo inayowaangusha mameneja wenye bidii kuliko wengine. Kabla ya kila mechi ya ligi meneja huchagua mtazamo: kucheza kawaida, kucheza taratibu, au kuifanya hiyo kuwa mechi ya msimu. Chaguo la mwisho hupandisha kiungo siku hiyo na kuishusha sana ari baadaye; kucheza taratibu hufanya kinyume chake. Meneja aliyepoteza mechi mbili huona kila mechi inayofuata ni ya kufa na kupona, hivyo anaitangaza kuwa mechi ya msimu, tena na tena. Mara ya kwanza inasaidia. Mara ya tatu ari imeporomoka kiasi kwamba nyongeza yote inaishia kuziba pengo alilolichimba mwenyewe, na kufikia mzunguko wa pili timu inacheza chini ya uwezo wake hata dhidi ya wapinzani dhaifu. Wakongwe hufanya hesabu nyingine. Mechi ambayo haishindiki, labda ugenini kwa kinara wa kundi, huchezwa taratibu kwa makusudi, ari inapanda, na nguvu hiyo inatumika wiki inayofuata nyumbani dhidi ya timu ya kiwango chao. Katika hatua ya mwanzo hakuna uamuzi wa bure wenye faida kubwa kuliko huu.

Mazoezi ndiyo sehemu inayouma polepole. Klabu hufundisha ujuzi mmoja kwa wakati mmoja, na wanaonufaika ni wale tu waliocheza wiki hiyo katika nafasi zinazohusika. Katika mazoezi ya kuchezesha, viungo wa kati hupata faida kamili na mawinga nusu yake. Kwa viungo watatu katika mechi ya wikiendi na wengine watatu katika ya kirafiki katikati ya wiki, klabu inaweza kuwalea vijana sita kwa pamoja. Kijana wa miaka 17 au 18 hupanda haraka. Wa miaka 27 hupanda kwa mwendo wa kukatisha tamaa. Meneja mgeni kwa kawaida huvunja kila sharti la hapo. Anafundisha ufungaji wiki tatu kwa sababu mabao hayaji, anahamia ulinzi baada ya kufungwa manne, kisha anarudi kwenye mipira iliyokufa kwa kuwa alifungwa kwa faulo. Maendeleo ya kila mchezaji huhifadhiwa kwa sehemu ndogondogo zisizoonekana hadi ngazi nzima itimie, kwa hiyo mwisho wa msimu kikosi kimejaa wachezaji walioanza kupanda ngazi na hawakufika. Mechi za kirafiki nazo anaziacha, au anazichezesha kikosi kile kile cha Jumamosi, na nusu ya nafasi za mafunzo zinakwenda bure.

Umri huingia katika hesabu hiyo kwa njia inayowashangaza wengi. Mwaka mmoja wa mchezaji ni siku 112, yaani msimu mmoja tu. Mkongwe wa miaka 31 anayeonekana nafuu sokoni atatimiza 32 kabla msimu haujarudi pale pale, ujuzi wake ukiwa njiani kushuka na bei yake ikishuka mbele yake. Si kosa kumsajili mkongwe. Kiungo mzee mwenye ujuzi wa juu ni njia halali ya kununua umiliki wa mpira kwa fedha kidogo. Kosa ni kumhesabu kama mali. Huyo ni matumizi ya msimu, sawa na mshahara. Mali ya klabu changa ni wale vijana sita wanaofundishwa, kwa sababu kila ngazi wanayopanda huongeza bei yao mnadani, na mnada ndio chanzo cha mapato kinachoweza kuikuza klabu ya daraja la chini haraka kuliko viingilio.

Viingilio vyenyewe vina mipaka iliyo wazi. Mechi saba tu kati ya 14 za ligi huchezwa nyumbani, na mashabiki huja kwa kufuata matokeo na hali ya hewa. Klabu inayofungwa hupoteza hamu ya mashabiki, uwanja unapungua watu, na mishahara iliyopandishwa na ule usajili wa mwanzo haipungui kwa shilingi moja. Hapa ndipo kupoteza mechi kunapoacha kuwa suala la pointi na kuwa suala la benki. Meneja wa aina hii hulazimika kumuuza mshambuliaji wake katikati ya msimu, akiwa ameshuka fomu na ameongezeka umri, kwa bei pungufu ya aliyomnunulia.

Yapo mambo ya kufanya msimu ukiwa tayari umechafuka. Kukiwa na viungo wa kutosha, kuhama kutoka 4-4-2 kwenda 3-5-2 hujenga kiungo haraka kuliko usajili wowote, mradi mfumo mpya uzoeshwe kwanza kwenye mechi za kirafiki. Timu isiyouzoea mfumo hupata mkanganyiko katikati ya mechi na viwango vyote hushuka. Kama kiungo hakitengenezeki kabisa, njia inayobaki ni kaunta. Mbinu hii hufanya kazi pale tu timu inapozidiwa umiliki: shambulizi la mpinzani likizimwa, linaweza kuzaa nafasi ya ziada nje ya zile 15. Huhitaji mabeki wanaojua kukaba na kupiga pasi, na huko ndiko fedha zinakopaswa kwenda, kwa sababu beki mwenye pasi nzuri huwa hagombewi sana mnadani. Meneja anayechagua kaunta huku akiwa na mabeki dhaifu hujiongezea tatizo, maana mbinu yenyewe hupunguza kiungo kidogo na nafasi za mpinzani zinaongezeka.

Msimamo wa ligi si kipimo kizuri cha yote haya. Makundi ya chini huwa na timu zisizo na mwenyewe, zinazoendeshwa na kompyuta, na timu inaweza kukusanya pointi nyingi dhidi yao mwanzoni kutegemea tu ratiba ilivyopangwa. Kipimo cha kweli kipo kwenye jedwali la viwango saba linaloambatana na kila taarifa ya mechi. Kiungo cha raundi ya 14 kikilinganishwa na cha raundi ya 1, kwa mtazamo ule ule na kwenye uwanja wa aina ile ile, huonyesha kama klabu imekua au imesimama. Timu iliyomaliza ya sita ikiwa na vijana sita waliopanda ngazi iko mbali mbele ya iliyomaliza ya nne ikiwa na washambuliaji wawili wa miaka 32.

Kwenye makundi mengi yenye daraja chini yake, wawili wa mwisho hushuka moja kwa moja, na wa tano na wa sita huenda kwenye mechi za mchujo. Raundi 14 zikiisha, kalenda bado ina wiki mbili. Ligi haichezwi, lakini mazoezi yanaendelea, mishahara inalipwa, wachezaji wanazidi kuhesabiwa siku za umri, na mechi za kirafiki ziko wazi kwa kila asiyekuwa kwenye mchujo. Vijana waliokaribia ngazi mpya huipata ndani ya wiki hizo, kwa klabu iliyokumbuka kuwapanga.