Ndege ya Mninga na Swala wa Saanane

Safari hii sihakiki kitabu. Nahakiki ndege. Imesimama kwenye karakana ya mjomba wangu, fundi seremala hapa Mpanda, imechongwa kwa mninga, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ni Tupolev Tu-22, ndege ya mabomu ya Kisovieti. Mjomba anataka kuwauzia wakubwa wapambe meza zao za ofisini. Akaniambia: "Mjomba, wewe si mwandishi? Niandikie sifa zake."

Nianze na fani, maana hapo mzee kapatia. Mabawa yamelala nyuma inavyotakiwa. Injini mbili kaziweka juu, ubavuni mwa mkia, siyo chini ya mabawa kama wengi tunavyodhani. Msasa umepita mpaka mbao inateleza kama sabuni. Imeshikiliwa na kijiti chembamba juu ya kitako, pua juu, utadhani inapaa. Si mchezo.

Tatizo liko kwenye maudhui. Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera, Libya ya Gaddafi ilikuwa ikimsaidia Idi Amin, ikatuma Tu-22 kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yaliukosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane palipokuwa na hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Mtambo wote ule, kumbe wa kwenda kuua swala! Sasa itazame ndege ya mjomba. Mwanza iko wapi? Kisiwa kiko wapi? Inapaa tu, safi, kama haijamkosea mtu. Na mninga wenyewe ukikatwa porini hutoa utomvu mwekundu kama damu.

Nikamwambia kwa heshima: "Mjomba, kitako kifanye kisiwa, uweke na swala mmoja."

Akacheka. "Mteja ananunua ndege, hanunui swala."

Hapo sikuwa na jibu. Nikamuuliza jingine, maana mwaka ule alikuwa mtoto wa shule ya msingi huko Mwanza: anakumbuka nini? Akaweka randa chini.

"Uvungu wa kitanda. Mama alitusukumia huko, tukawa tunamsikia anavyohema. Ndege yenyewe sikuiona."

Jamani! Kwenye mkoba wangu mlikuwa na sura ya kwanza ya riwaya yangu ya Kagera. Kurasa kumi na moja, zote ndege: mabawa, muungurumo, rubani na miwani yake. Uvungu haumo. Kosa nililomkamata nalo mjomba ndilo nililokuwa nalo mwenyewe mwaka mzima, tena mimi sina hata mteja wa kumsingizia.

Sisi chipukizi tunaipenda vita kwa ajili ya mitambo yake. Ndege unaweza kuichonga kwa kutazama picha. Kuhema kwa yule mama hakuna picha, lazima umuulize aliyekuwepo. Kama nyumbani kwenu yupo mzee wa namna hiyo, muulize leo, halafu ndiyo ushike kalamu.

Sifa za mjomba nimeziandika: ndege nzuri, imara, ya mninga wa Katavi. Hakuna uongo hapo. Ila sura yangu ya kwanza nimeichana. Mpya inaanzia uvunguni, na ndege inasikika tu.