Behewa Moja, Simba Mmoja, na Reli ya Taveta

Ukiingia Makumbusho ya Reli jijini Nairobi Jumamosi, utawasikia watoto kabla hujawaona. Wako juu ya injini, wanavuta kila kinachovutika, na mwalimu anapaza sauti: "Shukeni hapo!" Akina baba wanajidai kuwasaidia watoto kupanda, kumbe wao ndio wanataka kukaa pale kwa dereva. Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1971, na nguvu yake ni hiyo: historia unaigusa, inakuachia kutu mkononi.

Mimi hupenda injini 5918, Mount Gelai. Ni ya daraja la 59, lililoundwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kila moja na uzito wa zaidi ya tani 250, zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Yaani zilipita kwetu, Voi.

Lakini umati uko kwenye behewa. Mwaka 1900, kule Kima, simba aliingia usiku akamtoa Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, aliyekuwa amekuja kumwinda. Hadithi tamu, mtoto hasinzii. Ongeza wale simba wawili wa Tsavo wa 1898, ambao leo wako Chicago, basi reli nzima inageuka sinema ya wanyama.

Hapo ndipo ninapoteta. Siteti na behewa. Nateta na sisi tunaoisimulia reli. Mzungu mmoja aliyeliwa ana jina, cheo na behewa. Je, reli ya Taveta?

Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza, Waingereza walianza kuijenga kutoka Voi kupitia Maktau, wakiwaendea Wajerumani. Februari 1916 walipigwa kwenye kilima cha Salaita. Hata hivyo, mwaka huohuo reli yao iliungana na ile ya Tanga na Moshi pale Kahe. Reli ilipoishia, mgongo wa mtu ulianza. Wapagazi Waafrika walibeba vita hiyo, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, tumelitafuna likawa Kariokor. Tunashuka hapo kila siku, tunanunua viondo, tunaenda zetu.

Nikiwa pale kwenye behewa, kijana mmoja wa shule aliuliza, "Na sisi tulikuwa wapi?" Mwalimu akatazama saa. Basi lilikuwa linasubiri.

Kwa hivyo nendeni. Pandeni Mount Gelai, pigeni picha. Halafu siku ukifika Voi, chukua matatu ya Taveta na ukae dirishani. Mkikaribia Salaita, mwonyeshe mtoto kile kilima. Hakina simba. Simulia hivyohivyo.