Kabla Chumvi Haijatumbukia

Muulize mama yeyote wa Msambweni mbaazi za nazi zatiwa chumvi ngapi, atakujibu: kiasi. Tui je? Kiasi. Moto? Usiwe mwingi. Wala hakufichi kitu. Mkono wake umefunzwa na mkono wa mamake, jicho lake laijua rangi ya kitunguu kilichoiva, na sikio lake husikia chungu kikibadili sauti kabla tui halijakatika. Elimu yote hiyo imo mwilini mwake, na siku mwili utakapozikwa itazikwa nao.

Hapo ndipo inapoanza kazi ya mwandishi wa mapishi. Anausimamisha mkono huo hewani kabla chumvi haijatumbukia, anaitia chumvi kwenye mizani, anaandika, kisha anarudi kwake kupika peke yake mpaka chakula kiwe kile kile. Halafu anapika tena, maana jiko lake si jiko la yule mama. Watu wengi huidhania kazi hii kuwa nyepesi, ya kujaza kurasa kwa vijiko na vikombe. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi ngumu za uandishi, na akitokea wa kunibishia namtajia Claudia Roden.

Roden alizaliwa Kairo mwaka 1936, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Aleppo, Syria. Mwaka 1954 alikwenda London kusomea sanaa. Miaka miwili baadaye vikazuka vita vya Suez: Israel, Uingereza na Ufaransa zikaishambulia Misri, na ghadhabu ikawaangukia Wayahudi waliokuwa wakiishi Misri. Wengi walifukuzwa, wengine wakabanwa hadi wakaondoka wenyewe, na wazazi wa Roden wakawa miongoni mwa waliopoteza kwao. Nyumba za jamaa London zikawa za kupokea watu na masanduku yao. Katika kutembeleana huko, walichoombana sana ni mapishi. Huyu anakwenda Ufaransa, yule Marekani. Basi nipe ile keki yako kabla hatujapoteana.

Roden akawa anaandika kila anachopewa. Alipotafuta kitabu cha mapishi ya Misri kilichochapishwa, alichokuta ni vyakula vya Kiingereza vilivyoachwa na wanajeshi. Hali hiyo sisi twaijua. Mwaka 1928 kina mama wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, walitoa kitabu chao cha mapishi kwa ajili ya jiko la mlowezi. Aliyeshika mwiko katika majiko hayo mara nyingi alikuwa Mwafrika, lakini alichopika akirudi kwake hakikuwa shughuli ya kitabu.

Basi Roden akauliza watu. Aliwauliza jamaa, akawauliza marafiki wa jamaa, akawafuata wageni kwenye foleni za ubalozini na kwenye maghala ya mazulia, popote alipohisi atampata mtu wa Mashariki ya Kati anayekumbuka chakula cha kwao. Akaingia maktaba pia, akakuta tafsiri ya kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad karne ya 13, na humo akaviona vyakula vilivyofanana na vya shangazi zake. Mwaka 1968 kikatoka A Book of Middle Eastern Food. Kitabu chake kingine, The Book of Jewish Food, kilimla miaka kama 15 kabla hakijachapishwa mwaka 1996, kikiwa na mapishi zaidi ya 800 ya Wayahudi wa kila pembe.

Ninachompendea zaidi ni kwamba hakumnyang'anya mpishi jina lake. Pishi linakuja na mwenyewe: mama wa mji fulani, shemeji, bibi aliyebishana na dada yake kuhusu kiungo kimoja. Wakiwa wawili hawakubaliani, huyaacha maneno ya wote wawili yasimame. Ni heshima kubwa hiyo, na ni ufundi pia, kwa sababu msomaji anapoona njia mbili anaelewa lipi ni shina la chakula na lipi ni tawi.

Chukua keki yake ya machungwa na lozi, pishi lenye asili ya Wayahudi wa Hispania. Machungwa mawili yanachemshwa na maganda yake karibu saa mbili hadi yalegee, yanatolewa kokwa, yanasagwa yote, maganda na nyama. Mayai sita, sukari gramu 250, lozi za kusaga gramu 250, kijiko kidogo cha beking pauda, basi. Haina unga wa ngano wala siagi. Machungwa Kwale tunayo, na korosho za Msambweni hazina haja ya kusifiwa hapa. Nimeipika kwa korosho badala ya lozi, ikatoka nyororo zaidi na ladha yake ikawa ya hapa hapa kwetu. Niliweza kufanya hivyo kwa sababu aliyeandika alipima sawasawa. Kipimo cha kweli humpa mpishi mwingine uhuru wa kukiacha.

Kukosekana kwa siagi hakukuja kwa bahati. Sheria ya Kiyahudi hairuhusu kuchanganya nyama na maziwa katika mlo mmoja, kwa hivyo kitamu cha kufuatia nyama kinapaswa kusimama bila maziwa. Vivyo hivyo na Sabato: moto hauwashwi kuanzia Ijumaa jua linapokuchwa hadi Jumamosi giza liingie. Wapishi wakabuni vyungu vinavyotegeshwa Ijumaa juu ya moto hafifu vikaiva usiku kucha, na mayai yanayochemshwa saa nyingi pamoja na maganda ya vitunguu hadi yawe ya kahawia. Marufuku ikazaa ufundi. Mpishi wa Kiislamu wa Gazi au Vanga, aliyelelewa akijua halali na haramu, hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Na tazama tui letu la nazi: si nyama, si maziwa ya mnyama. Kuku aliyechinjwa kwa sheria yao angeogelea katika tui zito bila kosa lolote. Changu na tewa, wenye mapezi na magamba, wangekubaliwa. Pweza, kamba na papa wasingekubaliwa.

Yuko mwandishi mwingine wa ukoo huu, wa karibu zaidi nasi. Beejhy Barhany alizaliwa Ethiopia katika jamii ya Beta Israel, Wayahudi wa nchi hiyo. Mwaka 1980, akiwa na miaka minne, familia yake ilitoka Tigray ikaingia Sudan, ikakaa huko miaka mitatu, kisha ikasafiri kupitia Uganda na Kenya kuelekea Israel. Ukubwani alihamia New York, akafungua mgahawa Harlem mwaka 2014, na mwaka 2025 akatoa kitabu kinachoitwa Gursha, kwa jina la ile desturi ya Kihabeshi ya kumlisha mwenzako tonge kwa mkono wako. Watu wake pia hupika kwa sheria: mchuzi wa nyama hutiwa mafuta badala ya samli, na mkate wa Sabato huokwa mapema. Namtaja kwa sababu msichana huyo alipita nchi hii akiwa mkimbizi, na vyakula vya kwao vikapita naye bila karatasi.

Wale walilazimika kuhama kwao. Mkono wa Mdigo wa huku Kwale unapotea bila kufukuzwa na mtu. Binti wa Ukunda anaingia zamu alfajiri hotelini Diani, anarudi usiku, ananunua tui la pakiti; kifumbu kimening'inia ukutani, mbuzi ya kukunia nazi imekaliwa na vumbi. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili miongoni mwa mifano bora ya kuigwa, na nilifurahi kwa dhati, kwani mboga nyingi za kienyeji zilikwisha kuitwa chakula cha maskini. Lakini orodha ya mboga haijawa pishi.

Nautaka mtsunga, ile mboga yetu chungu ya majani, uandikwe kwa namna ya Roden. Mama mmoja humwaga maji ya kwanza ili uchungu upungue. Mwingine husema uchungu ndio mboga yenyewe, ukiumwaga umebakiza majani. Waandikwe wote wawili, kwa majina yao na vijiji vyao, pamoja na uzito wa majani kabla hayajanywea, tui la kwanza na la pili kila moja kwa kipimo chake, na dakika ambayo kila mmoja wao huacha kukoroga.