Kibo na Kihamba: Uhakiki wa Dhana ya Uzuri na Kazi ya Falsafa katika Muktadha wa Kirua Vunjo

1.0 Utangulizi

Mwaka 1987 Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwa kigezo kimoja tu, yaani uzuri wa kipekee wa asili. Mwaka 2011 mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, katika miteremko ya mlima huohuo, ulitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Kwa maamuzi hayo mawili mlima mmoja umegawanywa: juu umewekwa uzuri, chini yamewekwa manufaa. Mgawanyo huu wa kiutawala umebeba ndani yake msimamo wa kifalsafa kwamba kitu kizuri ni cha kutazamwa na kitu chenye manufaa ni cha kutumiwa.

Makala hii inahakiki msimamo huo kwa kuuweka katika mazingira ya Kirua Vunjo, nchi ya miteremko iliyo kati ya Old Moshi na Kilema, ambako kilele cha Kibo na mgomba wa nyumbani huonekana kwa pamoja. Inadaiwa hapa kwamba dhana ya uzuri inayojengwa na kihamba ina nguvu ya kuupinga mgawanyo huo, lakini haijakamilika hadi iulizwe manufaa yanayosifiwa ni ya nani. Kuuliza swali hilo, na kutoridhika na jibu la haraka, ndiyo kazi ya falsafa inayotetewa katika makala hii.

2.0 Uzuri wa Mtazamaji

Msingi wa kinadharia wa kutenga uzuri na manufaa unapatikana kwa uwazi katika uhakiki wa Immanuel Kant wa mwaka 1790. Kwa mujibu wa Kant, hukumu safi ya uzuri hutokana na ridhaa isiyo na maslahi. Anayeulizwa iwapo kasri ni zuri haulizwi kama angependa kuishi ndani yake, wala kama anakubaliana na waliolijenga. Anaulizwa tu kama umbo lake linampendeza anapolitazama. Ni haki kukumbuka kwamba Kant mwenyewe alitofautisha uzuri huru na uzuri tegemezi, na kwamba majengo aliyaweka katika kundi la pili. Hata hivyo, uzuri huru ndio uliobaki kuwa kipimo cha usafi wa hukumu.

Kipimo hicho kinamfaa msafiri anayekiona Kibo, chenye mita 5,895, akiwa katika barabara ya Himo. Hakimfai sana mtu aliyelelewa na simulizi za Wachaga. Katika simulizi inayojulikana sana, Kibo na Mawenzi ni majirani. Mawenzi anakwenda kwa Kibo kuomba moto, anapewa, anauzima kwa makusudi na kurudi tena kuomba, hadi Kibo anakasirika na kumpiga kwa mchi. Mapengo ya kilele cha Mawenzi ni alama za kipigo hicho. Katika simulizi hii umbo halihukumiwi peke yake, kwa kuwa ukwaru wa kilele unasomwa kama matokeo ya mwenendo, na milima inaingizwa katika sheria za ujirani, za kuomba na kupewa.

Mhakiki anaweza kupinga kwamba simulizi ya asili ya vitu haithibitishi nadharia ya uzuri. Pingamizi hilo lina uzito. Mkazi wa Kirua naye anaweza kusimama alfajiri akatazama theluji bila kutaka chochote kutoka kwake. Simulizi inathibitisha jambo dogo zaidi, ambalo linatosha kwa hoja hii: kutazama bila maslahi ni namna moja tu ya kukutana na kitu kizuri, na haina haki ya kujifanya kipimo cha namna nyingine zote.

3.0 Uzuri wa Kihamba

Kihamba ni makazi, shamba na makaburi kwa wakati mmoja. Miti mirefu kama mringaringa na mruka hutoa kivuli. Chini yake husimama migomba. Chini ya migomba hupandwa mibuni. Na ardhini kabisa hutambaa magimbi na maharage. Maji huletwa kwa mifereji iliyochimbwa na koo, na mbolea hutoka kwa ng'ombe wanaolishwa zizini. Mgeni aliyezoea bustani za mistari anaweza kukiona kihamba kuwa kichaka. Anayekijua huona mpangilio: kila tabaka limewekwa mahali pake kwa sababu ya tabaka lililo juu na lililo chini yake.

Mfano wa sale unaonyesha jambo hili kwa ufupi zaidi. Mmea huu hupandwa mpakani, na jani lake hutolewa na anayeomba msamaha. Rangi yake ya kijani isiyokauka upesi inapendeza macho, lakini hakuna mwenyeji anayeweza kuitenga na kazi ya mmea huo ya kutenganisha viwanja na kupatanisha watu. Akiulizwa kama sale ni nzuri, mwenyeji hujibu juu ya mmea na juu ya amani kwa pamoja.

Lugha ya Kiswahili inaruhusu jibu la aina hiyo. Kivumishi "-zuri" hutumika kwa sura, chakula, habari na kazi. Lakini lugha hiyohiyo inatofautisha mtu mzuri na mtu mwema, na inaonya kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa hiyo si sahihi kudai, kama inavyodaiwa mara nyingi katika tafiti za sanaa ya Kiafrika, kwamba Mwafrika hatofautishi uzuri na manufaa. Anavitofautisha, kisha anadai sababu pale vinapoachana.

4.0 Manufaa ya Nani?

Hoja kwamba uzuri ni kufaa si ngeni katika historia ya falsafa. Katika Hippias Mkubwa, mazungumzo yanayohusishwa na Plato, Socrates anauliza mwiko upi unafaa chungu cha mchuzi, wa dhahabu au wa mti wa mtini. Wa mti ndio unaofaa, hivyo ndio mzuri zaidi. Mnywaji wa mbege anayependelea kata ya kibuyu kuliko bilauri ya kioo angekubali bila shida. Lakini Socrates haishii hapo. Anakumbusha kwamba chombo kinaweza kufaa hata kwa uovu, na kwa hiyo kufaa peke yake hakutoshi kuwa maana ya uzuri.

Hapa ndipo sifa za kihamba zinapopaswa kuhakikiwa. Majani ya ng'ombe hayafiki zizini yenyewe. Kwa sehemu kubwa hukatwa na kubebwa kichwani na wanawake. Ndizi ya chakula imekuwa chini ya uangalizi wa mke, ilhali fedha ya kahawa imehesabiwa kuwa ya mume. Ardhi yenyewe imerithishwa kwa watoto wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho, ingawa sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Methali inasema usione vyaelea, vimeundwa. Anayesifu ulinganifu wa kihamba bila kumtaja aliyeuunda anarudia kosa la msafiri wa Himo: anatazama umbo na kuacha kazi iliyolizaa.

Wala haiwezekani kujificha nyuma ya neno "mila". Mibuni, ambayo leo huonekana kama sehemu ya kihamba tangu zamani, ilianza kupandwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na ilienea kwa nguvu ya vyama vya wakulima, ikiwemo KNCU iliyoanzishwa mwaka 1933. Sally Falk Moore (1986) ameonyesha kwamba sheria ya kimila ya Kilimanjaro yenyewe ilibadilika kadiri uchumi na utawala ulivyobadilika. Uzuri uliokwisha kubadilika kwa ajili ya soko unaweza kubadilika pia kwa ajili ya haki.

Mgawanyo uliotajwa katika utangulizi nao una gharama zake. Mwaka 2005 msitu wa mlima uliingizwa ndani ya hifadhi. Kwa anayetazama kutoka mbali, mandhari ilipata ulinzi zaidi. Kwa mwanamke wa kijiji kinachopakana na msitu, mahali pa kuokota kuni na kukata majani palihamia upande wa pili wa mpaka. Hoja ya kulinda msitu ni nzito, kwani maji ya mifereji hutoka huko. Hata hivyo, ulinzi unaotetewa kwa jina la uzuri unapaswa kueleza ni nani anayeulipia.

5.0 Kazi ya Falsafa

Mjadala huu unagusa swali la zamani katika falsafa ya Kiafrika. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi, aliandika kwa wingi juu ya sheria na mafundisho ya Wachaga. Mangi Petro Itosi Marealle naye aliandika kwa Kiswahili Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera (1947). Kazi hizi ni hazina. Lakini kwa mujibu wa Paulin Hountondji (1976), kukusanya imani za jamii si sawa na kufanya falsafa. Falsafa huanza mtu anapowajibika kwa hoja yake mbele ya wanaoweza kuipinga. Henry Odera Oruka (1990) alijibu kwamba wawajibikaji wa aina hiyo wamo pia miongoni mwa wazee wasiosoma, na alitofautisha mzee anayehifadhi mapokeo na yule anayeyahoji. Naye Euphrase Kezilahabi, katika tasnifu yake ya mwaka 1985, alihoji desturi ya kufasiri fasihi ya Kiafrika kwa nadharia zilizoletwa tayari kutoka Magharibi.

Misimamo hii mitatu inakutana kihambani. Mtafiti anayemleta Kant kumpima mkulima hajafanya kazi ya falsafa, na anayenukuu methali kumkataa Kant hajaifanya pia. Kazi hiyo inaanza pale binti anayeuliza kwa nini hakurithi shamba alilolilima anapohesabiwa kuwa mshiriki wa mjadala juu ya uzuri wa shamba hilo. Swali lake ni la haki, na kwa sababu hiyo ni la uzuri pia, kwa kuwa linadai kihamba kifikie kipimo ambacho chenyewe kimekiweka: kila tabaka lipate mahali pake.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kutenga Kibo cha kutazamwa na kihamba cha kutumiwa kunatokana na nadharia moja ya uzuri, na kwamba mazingira ya Kirua Vunjo yanatoa sababu za kutosha za kuipinga. Imeonyesha pia kwamba nadharia mbadala, ya uzuri kama kufaa, inaanguka isipokubali kuulizwa inamfaa nani. Tafiti zijazo za ujumi wa Kiswahili hazina budi kuwahoji wanaobeba majani sawasawa na wanaosimulia mila. Mpaka wa sale ukipandwa upya kwa makubaliano ya wote wanaolima pande zake, hapo ndipo neno "nzuri" litakapostahili kutamkwa juu yake.